Kipa, Anza Ukocha Ukiwa Bado Langoni

Makipa hudumu uwanjani kuliko wachezaji wengine. Dino Zoff alinyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa nahodha wa Italia mwenye umri wa miaka 40. Essam El Hadary wa Misri alikuwa na miaka 45 alipodaka dhidi ya Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia la 2018, na katika mechi hiyo akaokoa penalti. Kwetu Tanzania, Juma Kaseja alikuwa langoni mwa Simba mwaka 2003 ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Miaka 16 baadaye, mwaka 2019, alikuwa langoni mwa Taifa Stars ilipoitoa Burundi, kwa penalti vilevile. Maisha marefu ya namna hii ni neema, ila yana hasara yake: humfanya kipa aamini kwamba muda bado upo. Winga anayetegemea kasi huanza kuonywa na miguu yake mapema, akajua kwamba lazima awaze kesho. Kipa huendelea kupata mkataba wa mwaka mmoja, kisha mwingine, hadi siku klabu inaposajili kijana na kumwambia asante. Siku hiyo ana miaka 38, jina lake linajulikana mtaani kote, na mkononi hana cheti, hana daftari, wala hajawahi kuandaa hata kipindi kimoja cha mazoezi.

Makala hii ni kwa ajili ya huyo kipa kabla siku hiyo haijamfika. Hoja yangu ni moja. Ukocha wa kipa hujengwa katika miaka yake ya mwisho langoni, si baada ya kutundika glovu, na hauwezi kusimama imara mpaka ajifunze kwa makusudi ile sehemu ya mpira ambayo lango halikumpa nafasi ya kuijua. Lango linafundisha mengi sana, na linaficha mengi pia. Anayejua yote mawili ana nafasi ya kuwa kocha mzuri. Anayedhani kwamba miaka 20 ya kudaka inatosha atapewa timu kwa heshima ya jina lake, kisha atanyang'anywa kwa sababu ya matokeo.

Tuanze na kile ambacho lango linampa mtu. Kipa ndiye mchezaji anayeuona uwanja mzima mbele yake kwa dakika zote 90. Kiungo amezungukwa na watu, mshambuliaji mara nyingi amelipa lango mgongo, na beki analazimika kugeuka kila mpira unapopita nyuma yake. Kipa huona mstari wa mabeki ukianza kupinda, huona kiungo mkabaji akiacha pengo, huona winga wa upande wa pili akichelewa kurudi. Tena haitoshi kuona, anatakiwa aseme. Kupanga ukuta wakati wa mpira wa adhabu, kugawa watu wa kukabwa kwenye kona, kumtuliza beki aliyetoka kufanya kosa, kuamua lini timu iharakishe na lini itulize mpira, zote hizo ni kazi za kocha zinazofanyika ndani ya mechi. Zaidi ya hayo, kipa amezoea hukumu. Mshambuliaji akikosa mabao matatu na kufunga la nne huimbwa na mashabiki, lakini kipa akiokoa mipira minane na kutema mmoja, huo mmoja ndio unaozungumzwa wiki nzima. Kocha naye huishi hivyo. Aliyejifunza kulala usingizi baada ya kosa lililoonwa na uwanja mzima amekwisha kupita darasa ambalo makocha wengi hulikuta wakiwa wamechelewa.

Hata benchi la kipa wa akiba lina elimu yake, kwa yule anayelitumia. Nuno Espírito Santo alikuwa Porto ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2004, lakini lango lilikuwa la Vítor Baía na yeye alibaki benchi katika fainali ile. Alipostaafu mwaka 2010 aliingia kwenye benchi la ufundi la kocha wake wa zamani, Jesualdo Ferreira, akawa kocha wa makipa Málaga na kisha Panathinaikos. Mwaka 2012 akapewa Rio Ave, klabu ndogo ya Ureno, na mwaka 2014 akaifikisha fainali mbili za vikombe vya nchi hiyo. Baada ya hapo ndipo zikaja Valencia, Porto, na Wolves aliyoipandisha Ligi Kuu ya England mwaka 2018. Ukiitazama ramani hiyo vizuri utaona hatua zake hazikurukana: kipa wa akiba, kocha wa makipa, kocha mkuu wa klabu ndogo, kisha klabu kubwa.

Sasa tuangalie kile ambacho lango linaficha. Katika klabu nyingi makipa hufanya mazoezi yao pembeni. Wenzao wanapofundishwa namna ya kukaba kwa pamoja, namna ya kuuvunja ukuta wa timu iliyojaa nyuma, au winga na beki wake wabadilishane nafasi vipi, makipa wako kwenye kona ya uwanja wakirushiwa mipira na kuruka vizuizi. Huitwa dakika za mwisho, wakati wa kupiga mashuti. Mchezaji anayeishi hivyo kwa miaka 15 anaweza kujua kila kitu kuhusu namna bao linavyofungwa na asijue mazoezi gani yanamfundisha mshambuliaji kulifunga. Amekuwa akiona matokeo ya mbinu bila kuona jinsi mbinu yenyewe ilivyofundishwa Jumanne na Jumatano. Hili si jambo dogo. Ukichukua orodha ya makocha waliotwaa Kombe la Dunia tangu mwaka 1970, kuanzia Mário Zagallo hadi Lionel Scaloni, hutakuta hata mmoja aliyekuwa kipa. Kipa anayetaka kuwa kocha asiukasirikie ukweli huo. Autumie kujua ni wapi pa kuongeza juhudi.

Kuna mifano ya kutosha ya makipa wakubwa walioingia ukochani bila kupita ngazi. Peter Shilton aliichezea England mechi 125 na alicheza zaidi ya mechi 1,000 za ligi. Mwaka 1992 Plymouth Argyle ilimfanya kocha mchezaji, akalazimika kujifunza kazi huku akiifanya, na mapema mwaka 1995 akawa ameshaondoka. Julen Lopetegui, aliyewahi kuwa kipa wa Real Madrid na Barcelona, alipewa Rayo Vallecano mwaka 2003, punde tu baada ya kuacha kucheza, akafukuzwa baada ya mechi chache. Tofauti yake na wengine ni kile alichofanya baadaye. Alirudi kwa vijana. Alifundisha timu ya pili ya Real Madrid, kisha timu za vijana za Hispania, akatwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 19 mwaka 2012 na ule wa chini ya miaka 21 mwaka 2013. Mwaka 2020 alinyanyua Ligi ya Europa akiwa na Sevilla. Lopetegui wa 2003 na Lopetegui wa 2012 walikuwa na historia ileile ya kudaka. Kilichobadilika ni miaka ya kufundisha iliyokuwa katikati.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: ingia katika mazoezi ya wenzako ukiwa bado unalipwa kama mchezaji. Zungumza na kocha mkuu na kocha wa makipa, uwaombe siku moja kwa wiki ubaki na kundi la wachezaji wa ndani wakati wa mazoezi ya kushambulia, hata kama utasimama pembeni ukiokota mipira. Kocha mwenye busara atafurahi kuwa na kipa anayetaka kuelewa. Kisha weka daftari. Kila bao mnalofungwa, usianze kuandika pale shuti lilipopigwa. Rudi nyuma hadi mpira ulipopotea, uandike nani alikuwa wapi, nani alipaswa kwenda kukaba, na pasi gani iliivunja timu. Fanya hivyohivyo kwa mabao mnayofunga, kwa kuwa hayo ndiyo kipa huyaona akiwa mbali zaidi na huyasherehekea bila kuyachunguza. Andika pia kila zoezi unaloliona: lengo lake, wachezaji wangapi, eneo lina ukubwa gani, linachukua dakika ngapi, mapumziko ni ya muda gani, na kocha alisimamisha mchezo wapi kusahihisha. Ukifanya hivyo kwa misimu mitatu utastaafu ukiwa na hazina ambayo hakuna kozi inayoweza kukupa.

Ushauri wa pili unahusu sauti. Kipa amezoea kutoa amri fupi: "Toka!", "Geuka!", "Mtu!", "Yangu!" Ndani ya mechi hakuna lugha bora kuliko hiyo, maana mpira hausubiri maelezo. Lakini mazoezini amri haifundishi. Kijana anayeambiwa "toka" kila mara atatoka ukiwepo, na siku usipokuwepo atabaki kwenye mstari. Kocha anahitaji kuuliza: uliona nini kabla ya krosi kupigwa? Kwa nini ulichagua kupangua badala ya kudaka? Ungesimama wapi kama mpigaji angekuwa anatumia mguu wa kushoto? Kubadilika kutoka kuamuru hadi kuuliza ni kazi ngumu kwa makipa kuliko kwa wachezaji wengine, kwa sababu amri ndiyo iliyowalisha. Anza kujizoeza na kipa wa tatu wa klabu yako au na vijana wa timu ya umri mdogo. Chukua kijana mmoja, mkae mtazame mabao aliyofungwa, na ujizuie kumpa jibu kabla hajajaribu kulitafuta mwenyewe.

Ushauri wa tatu ni kuhusu vyeti, na hapa wengi huchelewa. Leseni za ukocha za CAF zina ngazi, kuanzia D hadi A na kuendelea juu, nawe huwezi kuruka ngazi upendavyo. Kati ya leseni moja na nyingine unatakiwa uwe umefundisha. Maana yake ni kwamba anayeanza akiwa na miaka 38 anaweza kufikisha miaka 45 kabla hajaruhusiwa kuiongoza timu katika mashindano ya klabu ya Afrika, wakati aliyeanza na miaka 31 anastaafu akiwa nusu ya njia. Sharti hili halimwonei haya mtu. Mwaka 2021 liliigusa hata Simba, pale kocha wake wa wakati huo, Didier Gomes, alipokutwa hana kiwango cha leseni kilichotakiwa na CAF kwa kocha mkuu. Fuatilia matangazo ya kozi ya shirikisho la nchi yako, TFF, FKF, FUFA au jingine, na upange kozi iangukie wakati ligi imesimama. Unaposaini mkataba mpya, hasa ule ambao klabu haina fedha ya kukuongezea mshahara, omba kiandikwe kifungu kwamba klabu italipia kozi yako. Viongozi wengi watakubali jambo hilo kwa urahisi kuliko nyongeza ya kila mwezi, na faida yake kwako ni ya kudumu.

Ushauri wa nne: ukianza kama kocha wa makipa, iheshimu kazi hiyo kama taaluma yenye elimu yake. Usiichukue kama kiti cha kusubiria. Kazi ya kipa ya leo si ile ambayo wengi wetu tumeizoea kuitazama. Mwaka 1992 sheria ilimkataza kipa kudaka pasi ya nyuma aliyopigiwa kwa mguu na mwenzake, na tangu hapo miguu ikawa sehemu ya kazi yake. Mwaka 2019 goli kiki iliruhusiwa kuchezwa ndani ya boksi, timu zikaanza kujenga mashambulizi hatua chache kutoka mstari wa goli. Mwaka huohuo kipa akaruhusiwa kuacha mguu mmoja tu kwenye mstari wakati penalti inapigwa. Mwaka 2025 ikaja sheria kwamba kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Kila badiliko la namna hii linadai mazoezi mapya. Kocha wa makipa anayewapa vijana mazoezi yaleyale aliyopewa yeye akiwa na miaka 18 anawaandaa kwa mchezo ambao hauchezwi tena. Ajue pia kwamba makipa hawalingani: mfupi mwenye miguu ya kasi hawezi kusimama mahali palepale anaposimama mrefu mwenye mikono mirefu, na kazi ya kocha ni kumpa kila mmoja njia yake badala ya kumtaka amwige yeye.

Kazi hii ikifanywa vizuri inaweza kuamua mechi kubwa. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 2014, Uholanzi ilimtoa kipa Jasper Cillessen dakika za mwisho za muda wa nyongeza na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti dhidi ya Costa Rica. Krul akaokoa mbili, Uholanzi ikapita. Kocha wa makipa wa timu hiyo alikuwa Frans Hoek, aliyewahi kuwa kipa wa Volendam na baadaye kumlea Edwin van der Sar pale Ajax. Kutoka Afrika, Thomas N'Kono wa Cameroon alidaka Espanyol ya Hispania kuanzia mwaka 1982, na baada ya kustaafu akawa kocha wa makipa wa klabu hiyohiyo kwa miaka mingi, akimnoa Mcameroon mwenzake Carlos Kameni. El Hadary na Kaseja nao walipitia kazi ya kuwanoa makipa wa timu zao za taifa. Mtu anaweza kumaliza maisha yake yote ya ukocha katika nafasi hii na akawa ametoa mchango mkubwa. Tatizo ni kubaki hapo kwa kukosa elimu ya kwenda kwingine, wakati moyo unataka kuongoza timu.

Najua kuna pingamizi. La kwanza hutoka kwa makipa wenyewe: nikianza kuwaza ukocha nikiwa bado nadaka, nitapoteza umakini na mtu atachukua namba yangu. Hofu hii inaeleweka, maana nafasi ya kipa ni moja tu na ikipotea hairudi haraka. Lakini angalia ushauri uliotangulia unakudai nini. Unakudai uelewe mabao mnayofungwa, uelewe wenzako wanavyofundishwa kukaba, na ujifunze kueleza unachokiona. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomdhoofisha kipa. Kipa anayejua timu yake imepangwa ikabe wapi huanza kusogea kabla pasi haijapigwa, na hiyo ndiyo inayowawezesha makipa wenye umri mkubwa kufidia wepesi uliopungua. Kinachopoteza umakini ni wasiwasi wa kesho isiyo na mpango. Kozi iliyopangwa wakati ligi imesimama haichukui hata siku moja ya maandalizi yako.

Pingamizi la pili hutoka kwa viongozi na mashabiki: kipa abaki na makipa, timu wapewe waliocheza ndani. Historia inawajibu. Zoff alianza kuwanoa makipa wa Juventus, akafundisha timu ya Olimpiki ya Italia, kisha akiwa kocha mkuu wa Juventus akatwaa Kombe la UEFA na Kombe la Italia mwaka 1990. Miaka kumi baadaye aliifikisha Italia fainali ya Euro 2000. Mbelgiji Raymond Goethals, naye kipa wa zamani, aliipa Marseille ubingwa wa Ulaya mwaka 1993 kwa kuifunga Milan. Michel Preud'homme, aliyechaguliwa kipa bora wa Kombe la Dunia la 1994, aliipa Standard Liège ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2008, wa kwanza kwa klabu hiyo tangu 1983. Badou Zaki wa Morocco, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1986, aliifikisha nchi yake fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004. Na wale wanaosema mambo haya ni ya mbali wakumbuke ni nani alikuwa kwenye benchi la Simba mwaka 2003 ilipowavua Zamalek ubingwa na kuingia hatua ya makundi: Mkenya James Siang'a, kipa wa zamani wa Gor Mahia aliyekuwemo katika kikosi cha Kenya kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972. Aliwahi kuzifundisha Harambee Stars na Taifa Stars pia. Ushindi ule tunaoukumbuka hadi leo ulikuwa na kipa langoni na kipa mwingine kwenye benchi la ufundi.

Pingamizi la tatu ni la uzito zaidi: hapa kwetu kazi hutolewa kwa jina na kwa kujuana, kozi zina gharama, na mishahara ya makocha wa makipa ni midogo. Sitaukataa ukweli huo. Ni kweli kwamba kocha mkuu akifukuzwa, mara nyingi kocha wa makipa huondoka naye hata kama makipa wake walifanya vizuri. Lakini jina ni mtaji unaopungua kila mwaka. Mwaka wa kwanza baada ya kustaafu simu hupigwa, mwaka wa tano kumekuja majina mengine. Mwenye cheti na kazi inayoonekana huajiriwa hata na wasiomshangilia. Nafasi nazo zinaongezeka mahali ambapo wengi hawajatazama. Soka la wanawake limekua, CAF imekuwa na Ligi ya Mabingwa ya wanawake tangu mwaka 2021, na Simba Queens ilimaliza nafasi ya nne katika mashindano ya 2022. Timu za wanawake, akademi, shule za sekondari na timu za vijana zinahitaji watu wanaojua kumfundisha kipa tangu akiwa na miaka 12, na nyingi hazina mtu wa kazi hiyo. Kipa wa kike anayecheza leo, na ambaye mshahara wake hautamruhusu kukaa bila kazi baada ya kustaafu, ana sababu kubwa zaidi ya kuanza mapema.

Hapo ndipo ushauri wa tano unapoingia: kubali kuanzia chini, na uanze na wachezaji wa nafasi zote. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya kuwa kocha wa makipa wa timu ya Ligi Kuu na kuwa kocha mkuu wa timu ya vijana chini ya miaka 17, usiamue kwa kuangalia jezi pekee. Timu ya vijana itakulazimisha kupanga safu ya ushambuliaji, kuzungumza na mzazi aliyekasirika, kuamua nani akae benchi, na kupoteza mechi bila kamera kukumulika. Kama huwezi kuacha kazi ya makipa kwa sababu ya kipato, fanya yote mawili: asubuhi na makipa wa klabu, jioni na watoto wa mtaa. Kosa ambalo kocha wa vijana hulisahihisha kesho yake, kocha wa timu kubwa hulilipia kwa ajira.

Pia kuna jambo la kusema kwa uwazi: si kila kipa anapaswa kuwa kocha. Jipime kwa kipimo kimoja. Kipa wa pili anapoingia badala yako na kudaka vizuri, na ukajua kwamba baadhi ya aliyoyafanya ulimfundisha wewe, unajisikiaje? Ukifurahi kwa dhati, kazi hii ni yako. Ukihisi umeibiwa, bado unataka kucheza, na hakuna aibu katika hilo, ila usichukue timu ya watu ukiwa katika hali hiyo. Mpira una kazi nyingine zenye heshima: uamuzi, uchambuzi wa mechi, usakaji wa vipaji, utawala wa klabu. Macho yaliyozoea kuusoma uwanja kutoka langoni yana thamani katika kazi hizo zote.

Kwa wewe ambaye umeamua, usisubiri mwisho wa msimu. Wiki hii nunua daftari na uandike mabao matatu ya mwisho mliyofungwa, ukianzia pale mpira ulipopotea. Wiki hii muombe kocha wako nafasi ya kusimama kwenye mazoezi ya kushambulia. Mwezi huu uliza katika shirikisho lako kozi ya kwanza ya leseni ni lini na inagharimu kiasi gani, kisha anza kuweka fedha yake pembeni. Na nyinyi viongozi wa klabu, mnaposaini mkataba na kipa aliyepita miaka 30, wekeni humo gharama ya kozi yake. Mtakuwa mnamlipa mchezaji wa leo na kujiandalia kocha wa kesho kwa wakati mmoja.